Njia Moja ya Kurukia kwa Watu Milioni 10: Kisa cha JKIA, Nairobi

Ndege kubwa ya mizigo ikipasukiwa na magurudumu wakati wa kutua Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta (JKIA), mlango wa Nairobi wa angani unafungwa kwa kila mtu. Njia ya kurukia ni moja tu, ile inayoitwa 06/24, yenye urefu wa mita 4,117. Zimamoto hufika kwanza, lakini breki zilizoshika moto zinaweza kulipua gurudumu, kwa hiyo hakuna fundi anayesogea mpaka zipoe. Kisha huletwa jeki na matairi, na kazi inafanyika pale pale katikati ya njia. Kama mguu wa ndege wenyewe umeharibika, mizigo hushushwa na mafuta hunyonywa ili uzito upungue, ndipo trekta ianze kuvuta. Ndege ikishaondoka, lami inafagiliwa na kukaguliwa kwa macho, maana kipande cha mpira au chuma kikifyonzwa na injini ya ndege inayofuata ni balaa jingine.

Hayo yote ni saa kadhaa. Wakati huo ndege zilizo angani zimebeba mafuta ya kufika uwanja mbadala na akiba ya dakika 30, hazina ziada kubwa zaidi ya hapo isipokuwa rubani aliamua kuongeza. Zinakwenda Mombasa, Eldoret, Kilimanjaro au Entebbe. Abiria wa kuunganisha safari wanakosa ndege zao, marubani wanamaliza saa zao za kazi wakiwa mji usio wao, na maua ya Naivasha yanakaa kwenye vyumba vya baridi vya Embakasi yakipoteza siku za uhai wake kwenye soko la Uholanzi.

Kwa hiyo swali la Nairobi si la jengo zuri la abiria. Ni swali la kiungo dhaifu katika mnyororo mrefu: anga, njia ya kurukia, teksiwei (njia za ndege kutembea chini), maegesho ya ndege, jengo, umeme, mafuta, barabara ya kwenda mjini. Uwezo wa uwanja mzima ni uwezo wa kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote, na ukitia mabilioni katika kiungo ambacho si dhaifu, hujaongeza kitu.

Tulikotoka

Uwanja ulifunguliwa Embakasi mwaka 1958, na sehemu ya kazi ya kuujenga ilifanywa na wafungwa wa enzi za Mau Mau. Jengo la abiria la sasa, upande wa pili wa njia ya kurukia, lilifunguliwa Machi 1978, na baada ya kifo cha Mzee Kenyatta Agosti mwaka huo uwanja ukapewa jina lake. Jengo lilichorwa kwa abiria milioni 2.5 kwa mwaka. Leo, hata baada ya kuongezewa majengo mengine, wanaopita ni zaidi ya milioni 8. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika Kaunti ya Nairobi. Ukijumlisha Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a, ambazo kiusafiri ni jiji moja, unapata kama milioni 10.4.

Tarehe 7 Agosti 2013 moto uliteketeza sehemu ya kuwasili abiria wa kimataifa. Watu walipokelewa kwenye mahema, kisha jengo la maegesho ya magari likageuzwa kuwa ukumbi wa kuwasili. Wakati huo huo kulikuwa na mradi wa teminali kubwa iliyoitwa Greenfield, ya abiria milioni 20. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Kenya (KAA) iliusitisha Machi 2016. Mpango wa njia ya pili ya kurukia, wenye urefu unaokaribia kilomita 5, nao ukawekwa kando. Mwaka 2024 likaja pendekezo la kampuni ya Adani la dola bilioni 1.85 kwa kuendesha uwanja miaka 30. Mahakama Kuu ililisimamisha kwa muda Septemba, wafanyakazi wakagoma, na Rais Ruto akalifuta tarehe 21 Novemba.

Zaidi ya miaka 10 imepita tangu moto ule, na njia ya kurukia bado ni moja.

Je, njia imejaa?

Hapa ndipo wengi wanakosea, wanaotetea mradi na wanaoupinga pia. Gatwick, kusini mwa London, ilipitisha abiria zaidi ya milioni 46 mwaka 2019, na kwa kazi ya kila siku ilikuwa inatumia njia moja, hadi safari 55 kwa saa. Basi Nairobi yenye milioni 8 inalia nini?

Tufanye hesabu ya kukadiria. Chukua abiria milioni 8 na wastani wa abiria 80 kwa kila kutua au kuruka. Wastani huo unashushwa na ndege ndogo za Kisumu, Mombasa, Zanzibar na Entebbe. Unapata safari 100,000 kwa mwaka, yaani 274 kwa siku. Ongeza za mizigo, tuseme jumla 300. Saa yenye msongamano kwa kawaida hubeba asilimia 8 hadi 10 ya siku nzima: safari 24 hadi 30. Kwa kipimo cha Gatwick, njia haijajaa.

Lakini Nairobi haiwezi kufanya 55 kwa saa, na sababu zake zinapimika. Ya kwanza ni mchanganyiko wa ndege. Ndege nzito huacha nyuma yake msukosuko wa hewa unaotoka kwenye ncha za mabawa, kwa hiyo ndege ya uzito wa wastani inayoifuata hukaa umbali wa maili 5 za baharini. Ndege mbili za wastani zinaweza kukaribiana hadi maili 3, rada ikiruhusu. Kwa kasi ya noti 150 (maili 150 za baharini kwa saa) juu ya ardhi, maili 5 ni sekunde 120, na maili 3 ni sekunde 72. Mstari wa ndege za wastani tupu ungetua 50 kwa saa. Mstari ambao kila pengo ni la maili 5 ungetua 30. Nairobi iko katikati, kwa kuwa asubuhi ile ile Boeing 787 na ndege ya mizigo ya 747 zinafuatana na ndege za mapanga zinazotoka pwani.

Sababu ya pili ni mwinuko. JKIA iko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na ndege inayosoma noti 135 kwenye kipimo chake inakwenda karibu na 150 kwa kweli. Nguvu ya mwendo wake inapogusa ardhi inazidi ile ya Mombasa kwa karibu moja ya tano, basi itahitaji lami zaidi kabla ya kupunguza kasi ya kutosha kukata kona. Teksiwei za kutokea zikichorwa kwa kunakili vipimo vya uwanja wa pwani, ndege inaipita ya kwanza na kujikokota hadi inayofuata. Inapoteza sekunde 20. Zidisha kwa ndege 15 zinazotua katika saa moja: dakika 5 zimekwenda, na ndani ya dakika hizo ndege mbili au tatu zingeruka.

Hili ndilo la kwanza kufanya, na ni rahisi kuliko yote. Pima kwa wiki mbili sekunde ambazo kila aina ya ndege inakaa njiani na teksiwei inayotokea. Pale data inapoonyesha, jenga teksiwei za kutokea kwa kasi, zile zenye pembe ya digrii 30 hivi badala ya 90. Hakikisha teksiwei sambamba inafika ncha zote mbili, ili ndege isilazimike kugeuka na kurudi juu ya njia ya kurukia. Waongoza ndege nao wapewe utaratibu wa kupanga ndege za wastani zifuatane zenyewe na nzito zenyewe, kadiri ratiba inavyoruhusu. Nairobi inaweza kupata safari kadhaa zaidi kwa saa kabla ya kuchimba msingi wowote mkubwa.

Kwa nini basi njia ya pili

Kwa sababu mbili ambazo hazimo kwenye hesabu ya mwaka.

Moja ni hiyo iliyotufungulia makala: kukatika. Hata Gatwick ina ukanda wa pili wa lami sambamba, unaotumika njia kuu inapofungwa. JKIA haina. Na kufungwa si kwa ajali tu. Lami ya njia ya kurukia huchoka, mpira wa matairi huganda na kuifanya iteleze mvua inaponyesha, taa za katikati huzimika. Kazi hizo zote hufanyika usiku, saa chache kwa wakati mmoja, na kila alfajiri njia lazima iwe safi na salama. Mkandarasi anayepewa saa 5 kwa usiku hutumia moja kuingiza mitambo na moja kuiondoa. Anabaki na 3 za kazi. Ukarabati ambao ungekwisha kwa wiki kadhaa unachukua miezi, na viungo vya lami ya usiku huu na ya jana ndipo nyufa zinapoanzia. Usiku ndio pia ndege za kwenda mbali zinapotaka kuondoka Nairobi.

Hiyo inatupeleka kwenye sababu ya pili, urefu. Kanuni ya awali ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) ni hii: ongeza urefu wa msingi (unaohitajika usawa wa bahari) kwa asilimia 7 kwa kila mita 300 za mwinuko, kisha asilimia 1 kwa kila digrii ya joto inayozidi joto sanifu la mwinuko huo. Kwa mita 1,624 unaongeza kama asilimia 38. Joto sanifu la hapo ni nyuzi 4.4, ukichukua mchana wa nyuzi 26, unaongeza karibu asilimia 22. Zidisha 1.379 kwa 1.216 na utapata 1.677. Njia ya mita 2,500 pwani inakuwa mita 4,192 Nairobi, karibu sawa na iliyopo. Ndege inayohitaji mita 3,000 pwani inataka mita 5,031. Masahihisho yakizidi asilimia 35, kama hapa, kanuni yenyewe inataka uchunguzi maalumu wa kila aina ya ndege, lakini makadirio yanatosha kuonyesha kwamba kilomita 5 hazikuwa anasa ya mchoraji. Ndipo unaelewa pia kwa nini safari ya moja kwa moja ya New York, iliyoanza 28 Oktoba 2018 kwa Boeing 787-8, ilipangiwa kuondoka karibu na saa 6 usiku. Baridi ya usiku ni kama lami ya bure.

Kama fedha za kilomita 5 hazipo, kuna hatua ya katikati inayostahili kuchunguzwa kabla ya kudharauliwa: kuimarisha teksiwei sambamba ili ifae kwa kuruka na kutua njia kuu inapofungwa, kwa ndege za wastani tu. Haitaongeza hata safari moja kwa saa. Itazuia siku nzima isipotee.

Njia kamili ya pili ina swali lake la umbali. Ikiwa mita 760 kutoka ya kwanza, unaweza kutua kwenye moja huku unaruka kwenye nyingine bila kusubiriana. Ukitaka kutua kwenye zote mbili kwa wakati mmoja kila moja kwa uhuru wake, unahitaji angalau mita 1,035. Wapangaji wanaobana umbali ili kuokoa ardhi leo wanamfungia mjukuu wao mlango. Isitoshe, teminali ya baadaye inakaa vizuri zaidi kati ya njia mbili, ambapo ndege haivuki njia yoyote ili kufika langoni, na nafasi hiyo inataka zaidi ya mita 1,035 kwa mbali.

Jengo, kwa kipimo cha dawati

Teminali nayo ina msongamano wake, na haupimwi kwa milioni za mwaka. Tuseme asubuhi ndege tatu kubwa zinatua ndani ya dakika 40, na abiria 750 wanakwenda uhamiaji. Kila mmoja anachukua sekunde 90, yaani dawati moja linapitisha watu 40 kwa saa. Ukiwa na madawati 15, unapitisha 10 kwa dakika. Dakika ya 40 ikifika, umepitisha 400 na 350 bado wamesimama. Wa mwisho atangoja dakika 35. Ili karibu asingoje kabisa unahitaji madawati 28. Au punguza sekunde 90 hadi 50 kwa watu kukamilisha maombi kabla ya kusafiri na kwa mashine za kusoma pasipoti, na madawati 16 yatafanya kazi ya 28. Jambo hili halihitaji paa jipya.

Umeme uko kwenye orodha hii hii. Usiku wa 25 Agosti 2023 umeme ulikatika nchi nzima na uwanja ukabaki gizani kwa sababu jenereta ya akiba ya sehemu ya abiria haikuwaka. Jenereta isiyojaribiwa chini ya mzigo halisi kila mwezi ni pambo. Mafuta ya ndege nayo huja kwa bomba kutoka Mombasa. Hesabu ya siku ngapi matangi yanaweza kukaa bila bomba iwe kwenye mpango huo huo, si ofisi nyingine.

Kuhama, kugawa, au kubaki

Addis Ababa wameamua kuhama. Uwanja wao wa sasa, Bole, uko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari na jiji limeuzingira, kwa hiyo wanajenga karibu na Bishoftu, kilomita 40 hivi kutoka mjini na chini zaidi kwa mwinuko. Kigali wanajenga uwanja mpya Bugesera. Je, Nairobi nayo ihame? Hatuoni sababu. JKIA imekaa uwandani, ina ardhi, iko karibu na stesheni ya SGR ya Syokimau na barabara ya haraka ya Mombasa Road, na uwanda wa kusini mashariki ambako ungepata eneo jipya una mwinuko unaokaribiana na huo huo. Ungelipa gharama za kuhama bila kununua hewa nzito.

Kugawa safari kati ya viwanja viwili ni hatari zaidi. Montréal, Kanada, walifungua uwanja wa Mirabel mwaka 1975 kwa safari za kimataifa na kuacha za ndani kwenye uwanja wa zamani, Dorval. Abiria wa kuunganisha akawa anavuka jiji kwa basi, mashirika yakahamia Toronto, na mwaka 2004 Mirabel ikapoteza safari zake za mwisho za abiria. Nairobi ni kitovu cha kuunganisha Afrika Mashariki. Ukikata kitovu vipande viwili kinakufa. Wilson, uwanja mdogo wa Nairobi, iendelee na safari za mbugani na ndege ndogo, jambo ambalo tayari linaipunguzia JKIA mzigo mkubwa, na mizigo inayoweza kusubiri iende kwa meli kupitia Mombasa, kama sehemu ya maua inavyofanya sasa.

Fedha na wakati

Dola bilioni 1.85 zikirudishwa kwa miaka 30 kwa riba ya asilimia 10 ni kama dola milioni 196 kila mwaka. Gawanya kwa abiria milioni 8: dola 24.50 kwa kila kichwa, juu ya gharama za kuendesha uwanja. Abiria wa Kisumu hawezi kulipa hizo, anayeunganisha atahamia Addis, basi mzigo unaangukia wachache. Ndiyo maana kazi igawanywe kwa awamu, na kila awamu ianze kwa kichocheo kinachopimika badala ya mwaka ulioandikwa kwenye hotuba.

Kwa ukuaji wa asilimia 3, milioni 8 zinakuwa 10.8 baada ya miaka 10. Kwa 5 zinakuwa 13. Kwa 7 zinakuwa 15.7. Tofauti ya abiria milioni 5 kwa muongo mmoja! Treni ya Mombasa pekee, tangu 2017, imebadilisha hesabu ya safari za ndani. Kichocheo tunachokipendekeza: saa ya msongamano ikifikia asilimia 75 ya uwezo uliopimwa kwa miezi 3 mfululizo, usanifu wa kina unaanza, ikifikia 85, zabuni inatangazwa. Njia ya pili iondolewe kwenye kanuni hiyo, kwa sababu hatuijengi kwa ajili ya kujaa. Iamuliwe kwa gharama ya saa za kufungwa, zikijumlishwa mwaka hadi mwaka na kuchapishwa.

Ardhi haingoji

Njia ya kilomita 5, pamoja na ukanda wa usalama na eneo la ndege kusimama ikizidi ncha, inataka kama mita 5,600 kwa 280, yaani hekta 157 kabla ya teksiwei yoyote. Udongo wa Embakasi ni ule mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Huwezi kuweka lami juu yake. Ukichimba mita 1 tu kwa upana wa mita 60, unatoa mita za ujazo 300,000: malori 20,000 ya mita 15 kila moja kuondoa, na mengine zaidi kurudisha mawe na murramu. Zabuni inayotaja kina cha kuchimba bila mashimo ya majaribio kila mita 100 au 200 ndiyo inayoishia kwenye nyongeza za bei.

Lakini hekta 157 ni sehemu rahisi. Nje ya ua, kuna mteremko wa kubuni angani ambao jengo halipaswi kuupenya, na kwa njia ambayo ndege hutua kwa kuongozwa na vyombo unapanda kwa asilimia 2: mita 20 tu za juu kwa kila kilomita 1. Ncha ya kusini magharibi inatazama Mbuga ya Taifa ya Nairobi; ncha ya kaskazini mashariki inatazama Utawala, ambako nyumba za kupangisha zinaota kila mwezi. Novemba 2011 nyumba zilibomolewa Syokimau katika mgogoro wa ardhi ya uwanja, wenyewe wakiwa na hati mikononi, na uchungu ule haujaisha. Mstari wa katikati wa njia ya pili ukiamuliwa sasa na kuchapishwa katika Gazeti Rasmi pamoja na ramani ya urefu wa majengo, kaunti itajua kibali kipi ikatae na mnunuzi atajua kiwanja kipi akiache. Bila ramani hiyo, mtu anajenga ghorofa 6 kilomita moja kutoka ncha, mita 18, kwa kufuata kila sheria anayoijua, kisha anapandisha tangi la maji la mita 3 juu ya paa: 21, na kikomo ni 20.